Shuka la Muuza Sambaza

Muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa Nyamyumba hukaanga kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia hufukuza nzi, huku akiimba zaburi kwa kasi ya ngoma ya harusi. Kila Jumamosi hufua shuka moja jeupe ambalo halijalaliwa na mtu, na kulianika kando ya karai lake, nao majirani hawaachi kumchokoza: "Mama, bwana harusi wako atakuja lini?" Naye hujibu kwa tabasamu, "Iko njiani, tulia!" Wote wanajua kuwa shuka ni la kumzikia baba yake, aliyeuawa katika mauaji ya kimbari na asijulikane alikotupwa. Ndiyo maana kila mzee anayekuja kununua huulizwa, kwa tabasamu lile lile: "Muzee, baba yangu iko wapi?" Nao humeza mate, wakasema hawajui.

Jumamosi iliyopita mzee mmoja, aliyewahi kufungwa kwa mauaji hayo, hakumeza mate. Alivua kofia. "Iko chini ya migomba yangu, mama. Ni mi nilimufukia. Niliogopa kusema." Mwiko ukamdondoka. Kisha, Mola ni shahidi, kicheko kikamtoka, kicheko cha msichana, kikamtikisa mabega hata machozi yakachanganyika na jasho. Akaziacha sambaza ziungue. Akalivuta shuka kambani likiwa bado bichi, akalitupa begani, akampa mzee jembe, akawapigia majirani ukelele: "Mukuje, yewe! Bwana harusi amefika!"