Siku Tulipofukua Goli Letu Wenyewe

Mimi watu wakianza kubishana habari za makipa huwa naaga mapema, nasingizia ng'ombe, nasingizia tumbo, maana najua mazungumzo yakikolea atatokea mmoja wa kunigeukia na kuniuliza, "Wewe si ulidaka zamani kule kwenu?" Nilidaka, ndiyo. Nilidaka msimu mmoja tu, na aibu niliyoipata siku tulipoukalia kikao msimu huo ilinifanya kwa muda mrefu nizunguke nyuma ya mashamba ili nisipite mbele ya watu. Leo nawasimulia kwa sababu mmenibana, na pia kwa sababu kila nikiikumbuka siku ile nashusha pumzi, maana ilikuwa karibu sana iishie pabaya.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, tumeshahamishwa na kupangwa nyumba kwa mistari, kijiji chetu kiko upande wa Kemambo. Kila kitu kilikuwa cha kijiji: shamba la kijiji, duka la kijiji (lenye chumvi na viberiti, siku nyingine viberiti peke yake), na timu ya kijiji, tukaiita Nguvukazi. Goli nilipewa mimi kwa sababu ya urefu wangu. Hakuna aliyeniuliza jambo lingine lolote, na mimi kwa kupenda sifa sikusema.

Msimu wenyewe ulikwenda hivi. Tulianza kwa kufungwa na Nyarero kwao, tukasema ni ugeni. Tukafungwa na Nkende, tukasema wale ni watu wa mjini, wanakunywa chai na maandazi kila asubuhi, utawakimbiza vipi? Kisha Nyarero wakaja kwetu, kwenye uwanja wetu, mama zetu wanatushangilia, wakatufunga mengi zaidi ya mwanzo, na hapo tukaishiwa maneno. Msimu mzima tulitoka sare mara moja, siku ambayo mvua ilinyesha mpaka mechi ikavunjwa.

Basi msimu ulipokwisha mwenyekiti wa kijiji, Mzee Matiko, akaitisha mkutano palepale uwanjani, watu wakaja moja kwa moja kutoka shamba la kijiji na majembe yao begani. Mzee Matiko akasimama. "Ndugu wanakijiji, hawa vijana tuliwaruhusu watoke shambani mapema wakafanye mazoezi. Sisi tukabaki tunalima na sehemu yao. Sasa watueleze, kufungwa huku kunatoka wapi?" Kapteni wetu Marwa, beki mwenye mguu mzito kuliko wote kijijini, hakujisumbua hata kusimama, alininyooshea kidole tu akasema, "Kipa ajibu."

Nikasimama. Jibu la kweli nilikuwa nalo, lakini lilikuwa jibu ambalo kijana wa Kikurya aliyekwisha kutahiriwa hawezi kulitamka mbele ya mama yake, mbele ya rika lake na mbele ya wasichana. Kwa hiyo nikachagua jingine dogo tu, lisilomuumiza mtu (ndivyo nilivyodhani). Nikasema, "Mzee, shikamoo. Lile goli la kule chini lina kitu. Mpira ukija, mikono yangu inakuwa mizito. Nadhani kuna watu wamefukia kitu pale."

Nilitegemea watu wasikitike kidogo, waseme pole, twende tukale. Lakini nimeshawaambia watu walikuwa na majembe! Mzee Matiko akakuna kichwa, akasema kwa sauti ya kiserikali, "Uchawi hapa kijijini hatuutambui," kisha akateremsha sauti, "lakini tuchimbe tuhakikishe haupo." Hata hakumaliza, watu walikuwa wameshafika golini, wanachimba kwa ari ambayo shamba la kijiji halikuwahi kuiona hata siku moja.

Nikasimama pembeni natabasamu kama mjinga. Watachimba, hawataona kitu, watachoka. Wakachimba mpaka nguzo moja ikaanza kuinama, na nilipokuwa nataka kusema jamani basi inatosha, jembe la mtu likagonga kitu kigumu, likalia. Watu wakainama. Wakatoa furushi la ngozi ya ng'ombe iliyooza, wakalifunua, ndani mna jiwe kubwa la kusagia ulezi, jiwe dogo la juu yake, na pembe.

Pembe ile ndiyo iliyoharibu kila kitu. Wote tulirudi nyuma kwa pamoja, mimi wa kwanza, na kwa muda mfupi (msinicheke) hata mimi niliamini uongo wangu. Kisha mtu mmoja akasema polepole, "Hapa kabla ya kuhamishwa si palikuwa boma la Bibi Wankuru?"

Bibi Wankuru alikuwa mjane anayeishi peke yake mwisho wa mstari wetu wa nyumba, mwenye ulimi mkali na asiye na mtoto wa kiume wa kumsemea. Alikuwa amekaa kwenye nyasi na jembe lake kama wengine. Akainuka, akaja akatazama shimoni, uso wake ukang'aa. "Jiwe langu! Siku ya kuhamishwa lori lilijaa, wakanikatalia kulipakia, nikalifukia chini ya sakafu yangu lisiibwe. Kumbe mlinijengea goli juu yake."

"Na pembe?" akauliza Marwa.

"Ya mzee wangu, ya ugoro. Inuse."

Hakuna aliyetaka kuinusa. Nyuma sauti ikasema ndiyo maana tunafungwa. Nyingine ikauliza, na ndama wangu waliokufa mwaka jana je? Nyingine ikadai yule bibi haonekani akilala. Nikaona mduara unambana, na majembe yale yale, na Mzee Matiko anasema "Taratibu, ndugu, taratibu" bila mtu kumsikiliza. Nyinyi mnajua kwetu bibi akishaitwa jina lile hana pa kwenda. Ulimi wangu ndio uliomleta pale.

Nikapiga kelele, "Mwacheni! Nimedanganya! Goli halina kitu. Ni mimi. Mpira ukipigwa nafumba macho!"

Marwa akanitazama juu mpaka chini. "Unamtetea tu. Mbona ulikuwa unaruka vizuri?"

"Naruka huku nimefumba. Naruka popote."

"Muongo. Hakuna mwanaume wa namna hiyo. Wewe mura, kijana mzima, ingia golini tuone."

Basi nikaingia golini, nyuma ya shimo, kijiji kizima kikajipanga pande mbili kuangalia uso wangu, mama yangu akiwa amejifunika kanga mdomoni, na hapo ndipo hofu mpya ikanipata: je, leo nikiyakodoa? Msimu mzima nimeomba macho yangu yabaki wazi, leo naomba yajifumbe. Marwa akarudi nyuma, akapiga. Nilijikunja tu, mpira ukanigonga tumboni ukabaki mikononi. Nilikuwa nimedaka! Mpira wangu wa kwanza wa maana tangu msimu uanze, na watu wanazomea, "Anaona huyo! Anamficha mchawi!" Nilitamani kulia.

"Rudia," nikasema, "na mtu asimame karibu aniangalie."

Bibi Wankuru mwenyewe akaja akasimama kwenye nguzo, akaleta uso wake karibu na wangu kama anayekagua mahindi. Marwa akapiga kwa hasira zote za msimu. Mimi nikaruka kushoto kwa ustadi mkubwa, mpira ukaenda kulia, na mimi nikatumbukia shimoni kichwa mbele.

"Amefumba!" akapaza sauti Bibi. "Kabla hata hajagusa mpira, amefumba kama mtoto anayemezeshwa dawa!"

Wakataka kuona tena, na tena, kila mmoja anataka zamu ya kusimama kwenye nguzo, mpaka Mzee Matiko akakaa chini kwa kucheka, na mama yangu, Mungu amrehemu, alicheka kuliko wote. Yule aliyefiwa na ndama akaichukua pembe, akainusa, akapiga chafya, basi, mambo yakaishia hapo. Mimi nimejaa udongo puani, sina heshima hata kidogo, na nilijisikia mwepesi sijapata kuona.

Nikaamriwa kulifukia lile shimo peke yangu na kulibeba jiwe mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Njiani Bibi Wankuru alitangulia, hakunishukuru wala hakunitukana, mpaka tulipofika mlangoni akaniambia niliweke chini taratibu. Kisha akaniuliza, "Mura, ungenyamaza, wangenifanya nini?"

Nikainama nikalifuta jiwe udongo. Akaingia ndani akaniletea uji, akasimama pale mpaka nikamaliza. Tangu siku hiyo nikishindwa jambo nasema nimeshindwa, na hata mkinicheka namna hiyo, sitafuti sababu nyingine.