Fundi Magodoro Agombana na Ukuta

Fundi magodoro ni mtu wa miaka arobaini na saba, mwenye kitambi cha kujivunia na vijiti viwili vya ngoma ambavyo mkewe ameshavikuta hadi chini ya mto. Mwaka wa kumi na moja huu anapiga ngoma kwenye bendi ya roki. Ndiyo, roki! Redio haiwajui, kampuni za muziki haziwajui, nyimbo wanatunga na kurekodi wenyewe. Mwimbaji ni nesi wa meno. Gitaa linapigwa na shemeji yake fundi, kaka wa mkewe, mwalimu wa hesabu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosea, muulize mwenyewe.

Mazoezi wanafanyia karakana ya fundi, katikati ya magodoro yaliyopangwa hadi darini. Humo sauti haipati pa kwenda. Ukipiga, du, imemezwa, basi. Majirani wanaomba wasihame kamwe.

Kiangazi hiki wakapewa bustani ya mji, kila Jumapili saa kumi jioni, bure kwa kila mtu. Jumapili ya kwanza, aibu! Fundi alianza wimbo mbio mbio, akaumaliza kama anasindikiza jeneza. Bibi mmoja akauliza kama betri zimeisha.

"Shemeji, nakuheshimu," mwalimu akasema wakikunja nyaya, "lakini Jumapili ijayo ukisinzia tena, tunaleta mashine ya ngoma. Haichoki, haizeeki."

"Na ndiyo itakayokupikia mchana?" akauliza dada yake, mke wa fundi, ambaye humlisha kila siku ya Mungu.

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Magodoro alirithishwa na baba yake, hakuulizwa. Ngoma alijichagulia mwenyewe, na kunyang'anywa kulimtisha kuliko alivyotaka mkewe ajue.

Jumatano akafunga karakana mchana kweupe, akaenda kusimama peke yake jukwaani. Akapiga kofi. Ng'ambo ya bustani kulikuwa na ukuta mrefu wa ghala. Pa! ukuta ukamjibu, umechelewa kidogo. Akapiga tena, ukajibu tena.

"Baba, unamwita nani?" mama mfagiaji akauliza, akiegemea ufagio wake.

"Nimemkamata mchawi wangu, mama!"

Mfagiaji akasogea mbali kidogo, na nani wa kumlaumu? Lakini fundi alikuwa amepata jibu. Miaka yote kwenye magodoro, hakuwahi kusikia ngoma yake ikimrudia. Jumapili ile sauti ilipomrudia, alidhani ni wenzake wamebaki nyuma, naye kwa adabu zake akawasubiri. Wenzake wakamfuata yeye, yeye akaufuata ukuta, na wimbo ukafia njiani.

Akamweleza shemeji yake. Mwalimu akamsikiliza kwa huruma, kama anayemsikiliza mwanafunzi aliyesahau daftari.

"Mchagua jembe si mkulima, shemeji. Ukuta haujashika vijiti."

Jumapili fundi akanyofoa pamba kwenye godoro, akaziba masikio, akainama juu ya ngoma zake akihesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye wimbo wa tatu akaona watu wanacheka. Loo, nimekwisha, akawaza. Lakini nesi alikuwa anaimba naye sawasawa, na watu walikuwa wanamwonyesha kidole mwalimu. Yule bwana kabaki nyuma peke yake, shingo upande, anausubiri ukuta, jasho linamtiririka.

Wimbo ulipoisha, mwalimu akasogea hadi kwenye ngoma na kusema kitu. Fundi akazibua sikio moja.

"Nimeuliza, una pamba nyingine?"

"Ninayo. Ila niombe msamaha kwanza, tena kwa sauti, maana sikio la pili bado limeziba."

Mwalimu akamtazama dada yake, dada yake akatazama pembeni.

"Nimekosa, shemeji!" akasema. "Bila wewe hatuna bendi."

Fundi akampa pamba, kisha akainama muda mrefu kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.