Lori Lililosimamishwa kwa Ajili ya Samaki

Mwanangu, sogea nikusimulie asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hadi leo ikinijia nacheka peke yangu jikoni.

Nilikuwa mgeni Dallas. Kule DeSoto, mji wa jirani, walikuwa wanapanua barabara juu ya kijito, nami nikapata kazi ya kushika kibao cha kuongoza magari: upande mmoja "simama," upande wa pili "pole pole." Msimamizi wetu, Travis, alikuwa na haraka kwa sababu mvua ilikuwa njiani. Akaamuru udongo umwagwe ukingoni mara moja. Uzio wa kitambaa wa kuzuia tope ungewekwa kesho.

Dereva wa katapila alikuwa Mzee Nestori, Mrundi mpole asiyekosa misa. Alizima injini, akafungua chakula chake cha mchana saa mbili asubuhi, akaanza kula maharage.

"Bosi, si-start," alisema. "Samaki wametaga kwenye kokoto pale chini. Tope likiwafunika, mayai yote yanakufa."

Travis akamjibu kwamba sheria za kulinda mayai ni za samoni, wale samaki wakubwa wa biashara, na samoni wako kaskazini huko.

"Na hawa kosa lao ni kuzaliwa Texas?" Mzee akauliza, akiendelea kutafuna.

Mimi nikacheka. "Mzee, unagombana na bosi kwa visamaki vya urefu wa kidole?"

Akanigeukia taratibu. "Binti yangu, wewe ulipohama kwenu ulikuja na sanduku. Samaki huyu atahamia wapi, na sanduku gani?"

Kicheko kikanikauka. Wakati huohuo lori la udongo lilikuwa linarudi nyuma kuelekea ukingoni. Kazi ile nilikuwa naipenda, mwanangu, na kufukuzwa nilikuogopa. Lakini mkono wangu ulikigeuza kibao: "simama." Dereva wa lori, kwa mazoea, akakanyaga breki.

"Kibao ni cha magari ya barabarani!" Travis akafoka.

"Lori nalo ni gari," nikamjibu.

Magari ya barabarani nayo yakakitii kibao, yakajipanga nyuma, honi zikalia. Travis akaona bora tuweke uzio kuliko kubishana na mtaa mzima. Hata yeye akaingia majini na ndoo, kuwahamisha samaki waliokuwa karibu na mashine. Akateleza, akakaa kitako kijitoni, na kambare mmoja akamwingia ndani ya buti. Alitoka akirukaruka kwa mguu mmoja. Hatukuthubutu kucheka mpaka yeye alipoanza.

Alasiri mvua ikamwagika kwelikweli. Tope likashuka mpaka kwenye uzio, likakwama hapo. Chini yake maji yalibaki maangavu, na samaki tukawaona wakizunguka mayai yao. Travis alisimama kwenye mvua akiwatazama. Tulipoanza kazi kwenye daraja lililofuata, swali lake la kwanza lilikuwa: "Uzio uko wapi?"

Basi, mwanangu, utajenga mengi, na barabara tunazihitaji; hapa bila ku-drive hata kanisani hufiki. Ila kabla hujawasha mashine, uliza nani anaishi hapo, hasa yule asiyeweza kuja mkutanoni kujitetea. Na ukiwa na kazi ndogo, usidhani huna la kufanya.

Mungu akutangulie kila uendako, akupe kizazi chema, na akujalie majirani watakaokubishia hodi kabla hawajakubomolea nyumba.