Simu ya Kukunja ya Ooko

Perez Akinyi hushona sare za shule na majoho ya kwaya katika kibanda chake pale sokoni Kombewa. Mumewe, Ooko, alikuwa dereva wa lori la miwa kule Muhoroni, na alizoea kuja nyumbani mwisho wa wiki kazi ikimruhusu. Waliishi hivyo tangu mtoto wao Gordon akiwa mdogo, na Perez hakuwa mwanamke wa kumpekua mume. Shaka ilimwingia mwaka jana, Jumamosi moja, Ooko aliposhuka barabarani akaja kwa miguu, bila pikipiki yake, akiwa na simu ya kukunja mfukoni.

Ikifungwa ilikuwa nene kama Biblia ndogo. Ikifunguliwa, kioo chake kilienea karibu upana wa sahani, na katikati palikuwa na mstari hafifu, kama alama inayobaki kwenye kitambaa ukishafumua pindo.

"Baba Gordon, pikipiki iko wapi?" Perez aliuliza.

"Nimebadilishana na mtu wa kazini. Yeye amechukua pikipiki, mimi nimechukua simu."

"Pikipiki nzima?"

"Ilikuwa inanisumbua."

Haikuwa inasumbua. Wiki mbili tu zilizopita ilikuwa imempeleka Perez hospitalini bila hata kukohoa. Lakini alimwekea mumewe samaki na kuon, ugali wa kwao, akamtazama anavyokula. Alikula ameinama sana, na kila simu ilipolia aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Perez alipomfuata na kikombe cha chai, Ooko aliikunja ile simu, ikafanya tap, kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka wageni.

Simu ya zamani ilikuwa ikikaa mezani, uso juu, kila mtu akiiona. Hii mpya ilijifunga yenyewe na siri zake ndani. Jambo hilo lilimkera Perez kuliko pikipiki.

Asubuhi ya Jumapili Ooko alikuwa akioga. Simu ilikuwa kitandani, imefungwa, lakini kumbe hizi simu zina kioo kingine kidogo kwa nje. Kikawaka. Perez akasoma jina, Metrine, na chini yake maneno machache: "Kesho usitoke bila mimi."

Alikwenda kanisani na mumewe, akaimba, akarudi, akampikia, akamsindikiza barabarani.

Jumatatu alimweleza Dorca, jirani yake wa kibanda anayeuza mitumba. Dorca aliacha kukunja nguo.

"Mimi nimeziona hizo, kule mjini. Wanasema ni za watu wa Milimani, wakubwa wa ofisi. Dereva wa miwa anataka nini na simu ya kufungwa kama pochi?"

"Ndiyo najiuliza."

"Usijiulize ukiwa hapa, Perez. Nenda ukaone."

Alijizuia siku chache, lakini cherehani ilimshinda. Alikuwa anashona mikono ya kushoto mahali pa kulia. Siku ya Alhamisi alifunga kibanda, akapitia Kisumu, na kabla ya saa sita alikuwa Muhoroni, amesimama kando ya uwanja ambapo malori yalipanga foleni kungojea mizani. Hewa ilinuka miwa iliyoungua. Aliijua namba ya lori la mumewe, akalitafuta kwa macho mpaka akalipata.

Ooko alikuwa nyuma ya usukani. Pembeni yake, wamekaribiana kabisa, alikuwa mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa cha manjano kichwani. Alikuwa anaongea na Ooko bila kupumzika, mdomo karibu na sikio lake, na Ooko alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Perez alisogea nyuma ya trela mpaka akafika chini ya dirisha, na hapo akasikia maneno.

"Polepole. Kuna mtu mbele yako. Kata kulia kidogo. Kidogo tu. Sasa simama."

Lori likasimama. Perez akafungua mlango wa upande wa mwanamke.

"Wewe ndiye Metrine?"

"Ndiyo, Mama," mwanamke alijibu. Alimtazama Perez, kisha akamtazama Ooko, akaelewa. "Mimi ni tanboi wake, utingo wa lori hili. Si vile unafikiria."

"Nimesoma ulichomwandikia. Asitoke bila wewe."

Metrine alimgeukia Ooko. "Mzee, mwambie. Ama nitamwambia mimi."

Ooko aliinamia usukani. Basi Metrine akasema: "Haoni, Mama. Tangu mwaka juzi macho yake yameingia ukungu. Mimi ndiye namwonea barabara."

Perez alimgeukia mumewe. Ooko alitoa ile simu, akaifungua, akampa. Herufi zilikuwa kubwa kama za bango la duka, maneno matatu tu yakijaza kioo kizima. Ndiyo maana aliitaka. Ndiyo maana aliachana na pikipiki, ambayo haina nafasi ya mtu wa kukaa pembeni na kumwambia akate wapi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema niende hospitali. Baba yangu alipasuliwa macho akarudi akishikwa mkono mpaka akafa. Na nikienda, kazi imekwisha."

Perez alikuwa amekuja tayari kumkuta mumewe na mwanamke, na maneno ya kumwambia alikuwa nayo. Sasa alifikiria barabara waliyopita na lori lile kila siku, na watoto wa shule wanaotembea kando yake. Sare zao zilikuwa kama zile anazoshona.

"Nipe ufunguo," alisema.

"Mama Gordon, tupimishe mzigo kwanza."

Alinyoosha mkono kupitia mbele ya Metrine, akauchomoa mwenyewe. Akatembea hadi kwa msimamizi wa madereva, Wakhisi, akauweka mezani na kumweleza yote. Wakhisi alimsikiliza akiwa na uso wa mtu asiyetaka kusikia. Mchana huo dereva mwingine alilipeleka lori kwenye mizani.

Ooko alirudi Kombewa na hakumsemesha mkewe kwa muda mrefu. Watu walisikia kwamba Perez amemshtaki mumewe akafukuzwa kazi, na wengine walipeleka nguo zao kwa fundi mwingine. Hatimaye Gordon alipofunga shule alimbembeleza baba yake, wakaenda Kisumu kwa daktari wa macho. Ulikuwa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilipasuliwa likafunguka vizuri. La kushoto walikuwa wamechelewa.

Leo Ooko anafuga kuku na kusoma magazeti kwenye simu yake, ameifungua mapajani, herufi za kawaida. Akipita karibu, Perez huona kioo chote, na Ooko haifungi. Amemsamehe mkewe, au anasema hivyo. Naye Perez anasema amemwamini tena.

Metrine alichukua leseni, na sasa ndiye anayeliendesha lori lile. Mwezi uliopita alikuja kuwatembelea na miwa miwili begani. Perez alimpokea vizuri, akamweka sebuleni na Ooko, akaingia jikoni kuchemsha chai. Kisha akapunguza moto wa jiko, ili sufuria lisipige kelele, akasikiliza wanaongea nini.