Mwantum Agoma Kugeuzia Spika Zake Uani

Jua la Kibaigwa limesimama utosini, na mashine ya kuchekecha mahindi sokoni inanguruma kiasi kwamba madalali wanaelewana kwa vidole. Mwantum Khalidi ameinamia gunia. Anapitisha sindano ndefu ya shazia, anavuta uzi, anakaza, anahamia jingine. Vumbi limezifanya nyusi zake kuwa nyeupe.

"Hapa nasikia kelele kutwa nzima, na hakuna anayeniuliza kama nazipenda," anasema kwa kupaza sauti. "Nikifika kwangu nataka nichague mwenyewe cha kusikia. Kosa langu liko wapi?"

Kosa hilo, kama ni kosa, liko kwenye chumba cha kupanga jirani na soko. Mama huyu mzaliwa wa Kondoa ana spika tano: tatu mbele ya kiti, mbili nyuma yake; tena kuna sabufa ya besi pembeni. Alizinunua kwa mtumishi mmoja wa Dodoma mjini aliyekuwa anahama, baada ya kushona magunia msimu mzima. Binti yake Ikram, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyemuunganishia televisheni na huduma ya muziki ya mtandaoni.

Mwandishi wa habari hizi alikalishwa kwenye kiti hicho, mlango ukafungwa. Ngoma ikaanzia kushoto, zumari ikaitika kulia, halafu waimbaji wakadakia nyuma kabisa ya kisogo chake. Akageuka kuangalia. Mwantum akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wote hugeuka!"

Katika nyumba hiyo, mwenye redio huielekeza uani na kuacha mlango wazi, wenzake wafaidi huku wakifua na kupika. Mwantum hufunga mlango. Na zile spika za nyuma zimepakana na ukuta wa Jenifa, muuza chapati.

"Nikasikia wanawake ukutani kwangu, mara wamehamia upande wa pili," anasimulia Jenifa. "Nikasema, kumbe mama Ikram ana wageni na hatuambii! Nikagonga ukuta, nikawasalimia. Wakaendelea kuimba tu. Jamani, niliogopa!"

Habari zikamfikia mwenye nyumba, Mzee Matonya, kwamba mpangaji wake anafuga watu wasioonekana. Jioni moja akaja na balozi wa nyumba kumi. Wakamkuta Mwantum peke yake, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, macho kayafumba, sauti zote zikitoka kwenye spika.

"Nikawaambia shikamooni wazee wangu, karibuni mkae. Hata kukaa wakakataa!"

Badala ya kuomba radhi, mzee akatoa amri: spika zigeuzwe uani na mlango ukae wazi, la sivyo chumba kirudishwe mwisho wa mwezi. Alipoulizwa na gazeti hili, hakuyumba.

"Mimi sina ugomvi na muziki. Lakini mtu anayejifungia kufurahi peke yake, wenzake wamweleweje? Hapa tunaishi pamoja."

Mwantum anaposimuliwa hayo, anasonya kwa nguvu.

"Pamoja! Nimewapikia kwenye misiba yao, nimewashikia watoto wao, uani nimefagia zamu yangu na za wengine. Hako kasaa kamoja ka jioni ndiko kalikowauma? Nikizigeuza, mimi nitabaki kusikiliza visogo vya spika ndani ya chumba ninachokilipia. Sigeuzi ng'o!"

Wengi wanamshauri akubali yaishe, kwani chumba chenye umeme karibu na soko si rahisi kukipata. Hata Ikram alimsihi atumie spika ndogo za kuvaa masikioni. Mama akamjibu kwa mkato: "Mwanangu, niko kwangu. Kwa nini nisikilize kama mwizi?"

Amepata chumba kingine nje kidogo ya mji. Kina umeme, ila hakijapigwa lipu, na asubuhi atatembea mwendo mrefu kufika sokoni. Inamuuma kuondoka, anasema, wala hafichi. Lakini Jumamosi hii guta la magurudumu matatu litakuja kubeba vitu vyake, na mpango ameshaupanga.

"Spika zinatangulia, kitanda kitafuata safari ya pili. Guta likiharibika njiani, nitalala chini," anasema, akikata uzi kwa meno. "Lakini nitalala nimesikiliza."