Kapteni Barzilai Hoyt na Dhambi ya Kutembea Jumapili

Kapteni Barzilai Hoyt alikuwa mnene, aliogopa ng'ombe, na sauti yake ilitikisa madirisha. Nilikuwa seremala wake wa meli, kwa hiyo haya nayasema kwa mapenzi. Alianza kuvua samaki akiwa na miaka tisa. Vita vya kumkataa mfalme vilipoanza, alipewa meli ya kivita kwa sababu hapa mjini Hallet ni yeye tu aliyesikika hata dhoruba ikivuma. Katika miaka mitatu aliteka meli moja ya Waingereza. Ilikuwa imejaa vifungo vya makoti. Mpaka leo hakuna mji Massachusetts nzima wenye watu waliofungwa vifungo vizuri kama sisi.

Mwaka 1779 tulipelekwa mto Penobscot, pamoja na meli nyingine karibu arobaini, kuwatoa Waingereza kwenye ngome yao. Wakubwa wetu wakabishana wiki tatu nani aanze. Meli za mfalme zikatokea nyuma yetu, nasi wote tukakimbia kupanda mto mpaka maji yakaisha, tukazichoma meli zetu kwa mikono yetu, tukaingia porini. Mbao nyingi za meli yetu nilizipigilia mimi. Kienge cha kuiwashia moto nilishika mimi pia, na nililia hadharani.

Tukatembea siku kumi na mbili kurudi nyumbani. Barzilai alikuwa nyuma kabisa. Kila jioni alituhesabu, watu arobaini na watatu, na akikosa mmoja anarudi kumtafuta huku akiitukana miti.

Tulipofika, Shemasi Pelatiah Crane, tajiri wa meli hapa mjini, hakutupa hata pole. Meli iliyoungua ilikuwa yake, na nyingine mpya ilikuwa ufukoni ikipakwa lami. Barzilai aliitaka hiyo mpya kwa moyo wote. Kazi nyingine hakuijua, na mkewe Thankful alikuwa ameshamchoka siku ya pili tu. Shemasi akasema hapewi meli mpaka atubu kanisani mbele ya watu wote. Dhambi yenyewe: alisafiri Jumapili. Tena mbili! Hapa kwetu siku ya Bwana mtu hatembei zaidi ya kwenda kanisani na kurudi.

"Wewe tubu tu," Thankful alimwambia, akigeuza maharage jikoni. "Unasoma karatasi yao ya toba, unakaa, yanaisha."

"Na huku chini je? Wameongeza kwamba mimi mwoga, eti nilikimbia wa kwanza."

"Soma na hilo. Kwani utakufa?"

Jumapili akasimama mbele. Akasoma mstari mmoja, akakunja karatasi.

"Ni kweli nilitembea Jumapili," akasema kwa sauti ile ile ya dhorubani. "Nilitaka kupumzika, lakini Waingereza walikuwa nyuma, na sikuona dalili kwamba wanakuja kusali. Na niliogopa. Niliogopa mpaka suruali... basi, humu mna watoto. Lakini Shemasi, hapo pa kukimbia wa kwanza umenionea. Mimi, na tumbo hili? Nilipofika msituni nilikuta nusu ya benchi hili la mbele wameshakaa, wanakula!"

Watu walicheka mpaka mchungaji akajificha kwenye kikohozi. Benchi la mbele liliangalia viatu vyake. Shemasi peke yake hakucheka, na meli akampa Kapteni Lysander Pratt.

Huyu Pratt hakuwahi kukimbia. Alirudi kila safari na bendera yenye matundu ya risasi, watu wake wakiwa wamebaki nusu, akapigiwa makofi gatini. Akaweka meza yake pale kilabuni, ngoma ikapigwa, ramu ikamwagwa bure, wanaume waje kujiandikisha. Siku tatu tulikunywa ramu yake, lakini hakuna aliyeshika kalamu. Barzilai alikaa pembeni na bakuli lake la ramu, kaipa meza ile mgongo. Sikupenda kumwona vile.

Siku ya nne, saa sita mchana, akaingia Mehitabel Snow, mjane. Wanawe wawili walikwenda na Pratt wakabaki baharini. Alikuwa anamburuta wa tatu, Asa, mtu wa miaka thelathini mwenye ndevu mpaka kifuani.

"Karibu, mama!" Pratt akasimama, akamnyooshea kalamu.

Mehitabel akampita kama hakuna mtu. Akasimama mbele ya Barzilai.

"Kapteni Hoyt, mwandike huyu."

"Mama, mimi sina meli."

"Nani kakuuliza meli? Si wewe uliyekimbia?"

"Nilikimbia, mama."

"Na huyu ulikimbia naye?"

"Alikuwa anachechemea. Nilimbeba nusu ya njia, na ni mzito huyu."

"Basi mwandike."

Barzilai akainamia bakuli. Machozi yalimdondoka, wala hakuyafuta. Kisha akaomba karatasi, akaandika jina la Asa. Mimi nikainuka nikaandika jina langu chini ya la Asa. Kabla ya jioni wake za watu walikuwa wamejaa mlangoni, kila mmoja kamshika mumewe mkono aandikwe kwa Barzilai, na Shemasi akabaki na meli mpya na kapteni shujaa asiye na hata mpishi. Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe kwa Barzilai, kavaa kofia yake ya kanisani, akampa meli.

Tulisafiri nayo miaka miwili. Tuliteka shehena moja ya mishumaa, kisha manowari tatu za mfalme zikatufukuza, Barzilai akaipandisha meli miambani bila aibu yoyote, tukaruka ufukweni. Shemasi hajanisalimia tangu siku hiyo. Tulirudi kwa miguu, Jumapili ikiwemo, watu wote tuliotoka nao. Mehitabel alikuwa amesimama njiani. Alimshika Asa ndevu kwa mikono miwili, akamvuta nyumbani, hakutuaga hata mmoja.