Wimbo wa Shangazi Niliodhani Nimeufuta

Sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi wakati wa kaseti tulijua ni siku gani bila kumuuliza mtu. Ukisikia nyundo za makanika, ni siku ya kazi. Ukisikia magitaa, ni Jumapili mchana, na baba yangu ameshasukuma nje gari bovu la mteja ili orkestra yake ipate pa kukaa uani kwetu.

Baba alikuwa fundi wa magari. Mikono yake haikukosa oili hata siku ya Idi, lakini akishika gitaa, ungedhani vidole ni vya mtu mwingine. Wenzake walifika mmoja mmoja: mpiga ngoma aliyeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni, mpiga besi aliyekuwa karani bandarini na hakuvua koti hata jua likichoma. Mama alikaanga sambusa, nasi watoto tuligombania zile zilizopasuka. Watoto wa leo huagiza chakula kwa simu, kisha hulalamika kimechelewa. Sisi tulisimama kando ya karai tukiomba sambusa ipasuke.

Kila wimbo ulirekodiwa kwa redio-kaseti iliyowekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baba aliandika majina ya wapigaji kwa biki, akaifungia kaseti kwenye sanduku la bati.

"We mutoto," aliniambia, "iyi apana ya kuchezea. Siku moja watu watauliza tulikuwa nani."

Shangazi Hadija, dada yake mdogo, aliimba nao wimbo mmoja tu. Aliutunga mwenyewe, juu ya fundi cherehani anayeshona magauni ya harusi za wenzake. Nilikuwa na miaka minane, na niliupenda wimbo ule hadi nikaona wivu. Ijumaa moja, wakubwa wakiwa msikitini, nilikuta sanduku halijafungwa. Nikatoa kaseti, nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, nikauimba mimi. Niliporudisha nyuma kusikiliza, shangazi hakuwapo tena. Nilikuwapo mimi, na kuku wa jirani. Nikairudisha kaseti mahali pake na sikusema neno.

Miezi michache baadaye shangazi aliolewa Kigoma, akapanda meli akaenda. Alifariki huko akijifungua, hata hajarudi kututembelea. Baba alilia mbele za watu. Mimi nililia kwa sababu mbili, na ya pili sikumwambia mtu. Vita vikaja, orkestra ikatawanyika, redio-kaseti ikafa, na mwishowe baba naye akafariki. Sanduku likabaki chini ya kitanda cha mama. Sikulifungua kamwe.

Mwaka huu kituo kimoja kidogo cha mtaa wa Rohero kilitangaza kwamba kinakusanya kaseti, picha na mabango ya wanamuziki wa zamani wa mji wetu, ili visipotee. Mama akaniambia, "Peleka za baba yako. Anza na ya Hadija."

Mwanangu aliigeuzageuza ile kaseti, akauliza inachajiwa wapi. Siku nyingine ningecheka.

Binti wa kituoni, Inès, aliifuta ukungu kwa pamba, taratibu, kama anayemsafisha mtoto jicho. Kabla hajaiwasha nikaona nimwambie ukweli.

"Wimbo haumo. Mi ndiye niliufuta."

"Tusikilize kwanza, mama," akasema.

Ikaja sauti yangu, nyembamba, imekosa muziki kabisa. Kuku wakafuata. Nikafunika uso. Kisha kitufe kikalia tak, na baba akazungumza.

"Hadija, kuya hapa. Mutoto ameimba juu ya wimbo yako."

Shangazi akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. "Basi, ameimba muzuri?"

"Apana. Lakini usimufute. We imba nyuma yake."

Gitaa likaanza, na shangazi akauimba wimbo wote, hadi mwisho.

Kumbe baba alijua. Kosa nililolibeba miaka yote ile, yeye alikuwa amelimaliza zamani, akanyamaza ili asiniaibishe. Nililia huku nacheka, na Inès akanishika bega. Nilimpigia mama simu, nikamwekea wimbo. Akausikiliza wote, kisha akasema, "Anaimba mbiombio. Hadija siku zote alikuwa na haraka."

Siku hizi vijana hujirekodi asubuhi na kufuta mchana, wala hakuna anayekosa usingizi kwa ajili hiyo. Siwalaumu, labda wanapumua vizuri kuliko sisi. Uani kwetu kumejengwa maduka ya vipuri, na kila duka lina spika yake na wimbo wake. Hakuna anayemngoja mwenzake aanze. Nazitamani Jumapili zile, mpaka leo. Lakini sasa nazikumbuka bila hofu.